Damu Yangu Ilikwenda Kliniki Bila Mimi

Ninaandika haya nikiwa nimepona, na nikiwa na hasira. Wenzangu wa jumuiya kanisani walinishauri nisubiri hasira ipoe ndipo nishike kalamu. Nimesubiri misimu mitatu ya maharage na haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo. Namwandikia mwanamke aliyetolewa mimba zabibu akaambiwa arudi nyumbani akapumzike. Dada yangu, usipumzike kwanza. Soma yaliyonipata, halafu nenda ukadai majibu yako.

Naitwa Veronika, nimeolewa Mbulumbulu, juu ya mji wa Karatu, na ni fundi wa kushona sare za shule. Mume wangu Fabiano anaendesha magari ya watalii. Tulikuwa na binti mmoja na tulimtamani sana wa pili. Mimba ilipoingia, ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Vuli inaanza ina miezi mitatu, lakini tumbo ni la miezi mitano, na mimi natapika hata maji matupu. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Aayo, ndiyo mama kwa Kiiraqw, alisema hawa ni mapacha, akanikataza kubeba ndoo. Asubuhi moja nikiwa kwenye cherehani damu ikatoka, na ndani yake vifuko vidogo vya maji vimeshikana kama kichala cha zabibu. Nililia nikidhani ni watoto.

Hospitali niliyopelekwa sitaitaja. Walionisafisha pale walinisafisha vizuri, sina ugomvi nao. Daktari wa kike alikaa kitandani kwangu akanieleza kwamba hapakuwa na mtoto tangu mwanzo, ni kondo lililoota ovyo. Akasema mabaki yake yanaweza kuota tena na kutembea mwilini, mpaka kwenye mapafu. "Kuna protini ambayo mwenye mimba huwa nayo kwenye damu," alisema, "na ugonjwa huu nao unaitengeneza. Tutaipima kila wiki mbili mpaka iishe kabisa. Na mwaka mzima usishike mimba, mama, maana tutashindwa kujua hii ni mimba au ni ugonjwa." Maneno hayo niliyashika yote. Ningefanya nini zaidi ya kuyashika?

Hapo hospitali palikuwa na mradi wa utafiti uliotoka mbali, na fundi wake wa maabara alikuwa kijana wa Kilimanjaro aitwaye Shirima, mcheshi, kiatu kinang'aa hata siku ya tope. Mradi ulikuwa na mashine mpya, kubwa kama kasha la cherehani. Nilimuuliza inafanya nini, naye hakunidharau, alinieleza. Kuna kipande cha kioo kilichopakwa kitu kinachoinasa ile protini moja tu. Damu ikipitishwa juu yake, protini inang'ang'ania pale. Kioo kinamulikwa kwa chini, na mwanga unaporudi unakuwa umebadilika kidogo sana, jicho la mtu haliwezi kuona, ila mashine inaona na kuhesabu. Nusu saa, kazi imekwisha. Damu iliyopelekwa mjini kwa kipimo cha kawaida ilichukua mwezi, miwili, au haikurudi.

"Kwa hiyo nikikaa hapa nusu saa unaniambia?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hii mashine yenyewe ndiyo iko kwenye mtihani. Majibu yako wewe ni yale ya mjini."

"Na hii ikikujibu?"

"Inaandikwa kwenye daftari la mradi."

Nikatia sahihi ya kujiunga na mradi. Nilimpenda hata Shirima kwa kunieleza vizuri.

Sasa kwetu Wairaqw kuna metimani. Mwanamke aliyepoteza mimba anakaa pembeni miezi kadhaa, ana kikombe chake na sahani yake, haendi kwa jirani, hachoti maji na wenzake, halali na mumewe, ili balaa lililompata lisiwafuate wengine. Kanisa halilipendi jambo hili na nyumba nyingi zimeliacha. Aayo ni mzee wa kanisa na bado alilitaka, akasema miezi sita. Sikubishana. Nilikuwa nimechoka na pole za watu na maswali yao, na kile kijumba cha nyuma ya zizi kilinifaa. Fabiano alikuja kunisalimia akiwa amesimama nje ya boma, akaondoka kwenda kwenye kambi ya mahema huko Serengeti, ambako kampuni ilimweka msimu wote na masika yote.

Swali lilikuwa kliniki. Nitafikaje wakati sitoki? Jibu likaja lenyewe kwa pikipiki. Mradi haukutaka damu ya mtu hata mmoja ikosekane, kwa hiyo kila wiki mbili Shirima alipanda Mbulumbulu na kisanduku chake chenye barafu. Aayo alimruhusu kuingia kwa kuwa ni mtu wa kuja, metimani haimhusu. Alikaa kwenye kigoda, akanifunga mpira mkononi, akajaza kichupa, akatania kidogo kuhusu baridi yetu.

"Majibu ya mjini?"

"Bado, mama."

"Na ya mashine?"

"Mama Veronika, usinitie matatani." Na mimi nikacheka. Nikikumbuka kwamba nilicheka, nataka kutupa kitu.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na Aayo na kila aliyeiona ile pikipiki. Kwetu mtu wa hospitali akikufuata mpaka nyumbani, unahesabu uko kwenye mikono salama. Akinyamaza, unahesabu hakuna baya, maana baya huwa wanakimbilia kulisema. Damu yangu haikukosa kliniki hata siku moja. Ni mimi tu niliyebaki nyumbani, na hakuna aliyenikumbuka, kwa sababu damu ilikuwa imeshafika.

Masika yalipokaribia kuisha nikaanza kutapika tena. Matiti yakajaa. Kwa kuwa nilikuwa metimani hapakuwa na mwanamke mwenzangu wa kuniona nikioga na kunishtua. Nilimwambia Shirima, akaandika. Ukungu wa Juni uliposhuka, Aayo alinitoa, tukanyoa nywele, tukafua kila kitu, na kesho yake akanipeleka zahanati kwa sababu ya kutapika. Nesi alinipa kikopo, akachovya kile kikaratasi kwenye mkojo, akatabasamu.

"Hongera mama. Mistari miwili."

Nilimwambia, "Nesi, nilitolewa mimba zabibu. Daktari alisema ugonjwa unatoa kitu kile kile. Hii si mimba."

"Kipimo hakidanganyi, mama."

Nilimgeukia Aayo. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Fabiano hajakanyaga nyumbani tangu kabla ya Krismasi, na hata alipokuwepo tulikuwa tumekatazwa. Tulipofika uani aliniuliza mwanamume ni nani, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, kwa kuwa mwanamume aliyeingia boma lile miezi sita alikuwa mmoja tu.

"Aayo, ni ugonjwa. Niliambiwa hospitali."

"Si wanakuja kuchukua damu yako kila mara? Ingekuwa ugonjwa wangesema."

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba hoja yake ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe, kitandani, nilianza kujiuliza kama daktari yule alikosea, kama labda mimba inaweza kuingia kwa njia nisiyoijua. Mtu mwenye akili zake timamu akaanza kuutilia shaka mwili wake kwa sababu ya kimya cha mtu mwenye pikipiki.

Habari zilishuka Karatu haraka. Shirima alipozisikia hakuja tena. Alituma salamu kwamba ratiba imebadilika. Fabiano aliomba ruhusa kambini, akafika na vumbi lake, akakaa mbele yangu na kuniambia, "Niambie ukweli tu, sitakupiga." Miaka kumi ya ndoa, na hilo ndilo alilokuja nalo. Nilimwambia ukweli ni kwamba naumwa. Akainama. Alilala kwa mama yake. Binti yangu alifundishwa kupeleka chakula na kuondoka bila kukaa.

Kilichoniokoa ni kikohozi. Nilikuwa uani nachambua maharage, nikakohoa, kanga ikalowa damu nyekundu yenye povu. Aayo aliona. Nitasema haya kwa haki yake, kwa kuwa nimemsema vibaya. Hakuita mtu, hakuuliza swali. Alivua shuka lake akanifunga, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, mwanamke wa umri ule, akasimama katikati ya njia mpaka lori la ngano likafunga breki. Ndani ya lori nilitaka maji. Akanywa yeye kwanza kwenye kikombe kile kile, akanipa. Samahani hakuwahi kuisema kwa mdomo, na mimi sikumwomba aiseme.

Kutoka hospitali yetu nilipelekwa moja kwa moja hospitali kubwa, mbali kupita Arusha. Picha ya kifua ilionyesha madoa. Nikaanza sindano. Wiki ya sindano, wiki ya kungoja, wiki ya sindano. Naliandika hili kwa ajili yako unayeanza. Sindano yenyewe si kitu. Kazi iko mdomoni. Siku ya tano mdomo wote unachubuka, ulimi, mashavu, mpaka kooni, na mate yako mwenyewe unayaogopa. Kunywa uji uliopoa kabisa, usile ndimu hata ukishauriwa, sukutua maji ya chumvi hafifu. Aayo alinisukutulisha akishika beseni, kila asubuhi, akiniimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya.

Pale kwenye benchi la kungojea kuna tabia moja, utaikuta. Wagonjwa hawaulizani ugonjwa, wanaulizana namba. "Wewe ngapi?" Kila wiki tulipimwa ile protini, na nesi alikuja na karatasi akakuonyesha namba yako kwa kidole, yako wewe, mbele ya macho yako. Ikishuka, benchi zima linashangilia. Mama mmoja wa Singida, ambaye mumewe alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, alinifundisha kuiandika kwenye kiganja ili nisiisahau. Nilianza na namba ndefu isiyoandikika kiganjani. Maharage yalivunwa bila mimi, Fabiano akaja mara tatu na kila mara akakosa pa kuweka mikono yake. Vuli iliponyesha tena, namba yangu ilikuwa chini ya tano. Nesi akaniambia hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Nililala usingizi mzito kwenye benchi, mbele za watu, viatu nimevua.

Nilirudi nikiwa na kilo arobaini na moja na kucha nyeusi. Mama mkwe aliwaambia majirani mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kwamba haikuwa mimba na haikuwa mwanamume. Nilidhani yamekwisha.

Mwaka mpya ulipoanza nikapata mwaliko. Mradi ulikuwa unafunga kazi zake, na washiriki wote tunaombwa tufike kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Karatu, kuna pilau, soda na kanga. Nikaenda na Aayo. Wageni walikuwa wamekaa mbele, sisi wanawake wa damu tumekaa nyuma. Daktari mkuu wa mradi, Mtanzania mwenzetu aliyesoma sana, alimulika picha ukutani akaeleza kwa Kiswahili kizuri jinsi mashine ilivyofaulu mtihani wake. Akatoa mfano. Akaonyesha mstari mmoja unaoshuka baada ya kusafishwa, kisha unapinda, unapanda, unapanda. Chini pameandikwa tarehe. "Hapa," alisema akiweka kijiti, "mashine ilikwisha kuuona ugonjwa, wiki kumi na nne kabla mgonjwa hajafika hospitali." Wageni wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nasoma tarehe. Mtu aliyekaa metimani anazijua siku alizotembelewa. Zilikuwa siku za pikipiki, moja baada ya nyingine.

Nikasimama. Nilisema, "Huyo mgonjwa ni mimi." Makofi yakakatika. "Naomba unionyeshe hapo kwenye mstari ni wapi nilipoulizwa mwanamume ni nani. Nionyeshe ni wapi binti yangu alipokatazwa kukaa na mimi. Maana wakati huo ninyi mlikuwa mnajua."

Daktari alisema mashine ilikuwa bado haijathibitishwa, taratibu za utafiti hazikuruhusu kumpa mgonjwa namba ambayo ingeweza kuwa na makosa, ingemtia hofu bure. Alisema kwa upole. Nikamwambia ningeipenda sana hofu hiyo ya bure. Kisha nikamtafuta Shirima kwa macho, nikampata karibu na mlango.

"Wewe uliona?"

"Niliona, dada."

"Na uliposikia wanayonisema, mimi na wewe, ulikuwa unajua?"

Alitikisa kichwa kukubali. Alisema aliogopa. Angekuja kwangu na daftari, watu wangesema anamtetea mwanamke wake, na mradi ungemfukuza. Ndiyo maana alikaa mbali. Alikuwa analia, na mimi sikumhurumia. Aayo alivuta kanga yangu nikae, nami sikukaa. Swali moja lilikuwa limenijia.

"Mstari mwingine unaopanda uko?"

Daktari akasema orodha ni siri. Shirima akasema, "Uko mmoja, wa mwanamke wa Malambo, huko Umasaini. Majibu ya mjini hayajarudi."

Jina lake Nolari, na ameniruhusu nimtaje, kwa sharti kwamba nisimpambe. Kesho yake alfajiri gari la mradi liliondoka, daktari mbele na Shirima kwenye usukani, na mimi nyuma kwa sababu nilisimama mbele ya gari mpaka wakafungua mlango. Tulipita geti la Ngorongoro, tukapanda kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye jua na nyanda zisizokwisha. Nilikuwa nawaza maneno nitakayosema, nikayapanga vizuri kama mtu anayejua mambo.

Tulimkuta nje ya nyumba yake, binti wa miaka ishirini na kitu, amekonda kiunoni na mikononi, tumbo limesimama. Alikuwa akikohoa. Zahanati walikwisha kumpa hongera. Akina mama wa boma walikuwa wakimlisha kidogo sana, maana huko mjamzito hunyimwa chakula kizito ili mtoto asiwe mkubwa akamshinda kumzaa, na kukonda kwake kulimpa kila mtu sababu ya kutoshangaa. Nikaketi chini karibu naye. Alikijua Kiswahili cha shule.

"Mimi nilikuwa na huo wako," nikamwambia. "Nilitapika hivyo, nikaambiwa hongera hivyo. Hakuna mtoto, Nolari. Ni ule ugonjwa, umerudi. Unatibika, niangalie mimi."

Alitazama gari, akamtazama Shirima na kisanduku chake.

"Nani anasema?"

"Mashine yao, ile inayopima damu yako."

"Ilijua lini?"

Nilimgeukia Shirima. Alijibu akiangalia chini, kwamba ni tangu kabla ya Krismasi.

Nolari alisimama. Maneno yangu yote niliyopanga yakapotea, kwa sababu hakumfuata daktari wala Shirima, alinifuata mimi. "Wewe mama umekuja na gari lao. Umekaa hapa unaniambia unajua, unajua. Kama mlijua, kwa nini mmekuja leo? Nimempa jina huyu! Mnajua nimempa jina?" Akanisukuma bega. Bibi mmoja akaanza kupiga kelele, daktari akarudi nyuma mpaka kwenye boneti. Ningeweza kumwambia mimi si wao. Ningeweza kumsimulia habari zangu zote, na wewe umeona kwamba ninazo. Lakini alikuwa ananisemea mimi mwenyewe, neno kwa neno, na kila dakika aliyotumia kusema alikuwa anakohoa.

"Kasirika," nikamwambia. "Una haki yote. Nipige kama unataka. Lakini kasirikia ndani ya gari."

Akapanda, huku akitutukana kwa Kimaasai, na mimi nikapanda nyuma yake nikafunga mlango.